Askofu Steere wa Mkunazini, kabla ya uaskofu alikuwa nani?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, juzijuzi tulipeleka wanafunzi Unguja tukaingia lile kanisa la Mkunazini. Aliyetutembeza akatuambia Askofu Steere ndo alifunga soko la watumwa, akalinunua, akajenga kanisa, halafu ndo mtu wa kwanza kuandika Kiswahili. Mwanafunzi mmoja akauliza, huyu bwana kabla ya kuwa askofu alikuwa anafanya nini? Nikabaki nimekodoa macho. Naomba unisaidie, alikuwa nani, na mpaka mtu anakuwa askofu wa Zanzibar zama zile ilikuwaje?"

Marahaba mwalimu, na huyo mwanafunzi mpe pongezi zangu, maana watu wanaingia mle ndani kila siku wanapiga picha wanatoka na hakuna anayeuliza hivyo. Mi stori ya Steere nimeifuatilia miaka mingi kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza yale ya mtembezaji wenu nikujibu haraka. Soko hakulifunga yeye. Kiwanja hakukinunua yeye. Wa kwanza kuandika Kiswahili hakuwa yeye, hata karibu yake hakuwa. Kanisa ndiyo, hilo alijenga kweli, tena kwa jasho lake kuliko watu wanavyodhani. Lakini kitu ambacho watembezaji hawakisemi, na kwangu mimi ndo kikubwa, ni kwamba huyu mtu alipofika Unguja alikuwa na miaka 36, ana udaktari wa sheria, ni padri kamili, halafu akakaa chini kama mtoto wa chuoni anafundishwa kutamka. Uaskofu ulikuja miaka kumi baadaye. Ukiielewa hiyo miaka kumi basi mengine yote yanajipanga yenyewe.

Edward Steere alizaliwa London Mei 1828, baba yake mtu wa sheria, na yeye akapita njia hiyohiyo, akasoma University College London, digrii ya kwanza 1847, udaktari wa sheria 1850, na mwaka huohuo akaingizwa rasmi kwenye uwakili. Yaani kijana wa miaka 22 maisha yameshanyooka. Ila sheria haikumkaa moyoni. Huku anashika mafaili ya kesi, huku anajifunza kazi ya kupiga chapa, kupanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, na jioni yuko na vijana wenzake wa kanisa wanahudumia maskini. Hiyo chapa iweke akilini, tutairudia.

1856 akawekwa kuwa shemasi kule Devon, 1858 akawa padri. Sasa hapa nikujibu lile swali lako la pili maana wengi wanadhani uaskofu ni kama kazini, unakaa miaka fulani unapandishwa cheo. Sivyo. Kwa Waanglikana kuna ngazi tatu, shemasi, kasisi (watu wa Masasi na Muheza wao watakwambia padri tu), na askofu, na mapadri wengi sana wanazeeka na kufa mapadri na hakuna ubaya wowote. Uaskofu unaitwa, huendi kuomba, na ukishapatikana unawekwa wakfu na maaskofu wenzako, kwa desturi wasipungue watatu, wanakuwekea mikono kichwani. Kwa hiyo wakili kuwa askofu haikuwa ajabu. Ajabu ni mahali alipokuwa anakaa kabla hajaitwa.

Alikuwa kijijini. Little Steeping, Lincolnshire, kijiji cha wakulima, kimya kabisa. Parokia ya jirani alikuwepo rafiki yake anaitwa William Tozer, na huyo Tozer ndo aliyeyapindua maisha ya mwenzake.

Ilikuwa hivi. Desemba 1857 Livingstone alisimama Cambridge akawaambia wasomi pale kwamba Afrika ya kati iko wazi, biashara ya watumwa inaimaliza, njooni. Vyuo vikuu vikaitika, ikazaliwa ile misheni tunayoijua kwa herufi zake UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, akapandisha mto Shire, na Januari 1862 akafa kwa homa huko. Sasa nani anataka kiti cha marehemu? Kikampata Tozer, na Tozer akamwambia jirani yake Steere, nisindikize. Steere alikuwa na mke. Akaenda, mke akabaki Uingereza, na kule kusindikiza ndo kukawa kazi ya maisha yake yote. Huwa nashindwa kulipita hili haraka, maana vitabu vya misheni vinalitaja kwa mstari mmoja tu halafu vinaendelea na safari, na mi nikimfikiria yule mama wa Kiingereza kwenye baridi ya Lincolnshire anangoja barua ya meli, naona naye ana sehemu yake kwenye kanisa lile.

1863 wakafika Zambezi, wakapiga kambi mlima Morambala, wakaona hali ni ileile iliyomuua Mackenzie. Tozer akaamua waondoke, waende Unguja wafundishe vijana pale kwanza, halafu vijana wenyewe ndo wapeleke dini bara. Livingstone alikasirika sana, kwake hiyo ilikuwa kukimbia vita. Ukiniuliza mimi Tozer alikuwa sahihi, lakini kipindi kile alionekana mwoga. Tarehe 31 Agosti 1864 wakashuka Unguja.

Sultani Majid akawapa watoto watano wa kiume waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Hilo ndo lilikuwa darasa lao la kwanza, na mwalimu hebu lipigie picha kidogo, wewe ni mtu wa darasani: watoto wametolewa makwao hawajui wako wapi, kila mmoja na lugha ya kwao, Kiswahili chenyewe wanakiokoteza, na mbele yao wamesimama Wazungu wawili ambao Kiswahili hawakijui kabisa. Nani anaanza kumfundisha mwenzake? Mmoja wa watoto wale aliitwa Swedi. Tutakutana naye tena.

Steere akaona bila lugha hakuna kitu. Na hapa ndo naipenda akili yake, kwa sababu hakujifungia chumbani na kamusi, akatoka kuuliza. Kiswahili kilikuwa kimeshaandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, tenzi, barua, hesabu za biashara, hivyo wa kwanza kuandika hawezi kuwa yeye. Hata kwa herufi za Kizungu alitanguliwa, mmisionari wa Kijerumani Krapf alikuwepo Mombasa tangu 1844 na sarufi yake ikatoka 1850. Tofauti ni kwamba Krapf alisikiliza Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, Steere akasikiliza Kiunguja. Akawa na watu wa mjini anakaa nao, wanamsimulia hadithi, yeye anaandika vilevile walivyosema, na kwenye dibaji za vitabu vyake baadhi kawataja kwa majina, jambo ambalo watafiti wengi wa zama zile hawakujisumbua nalo.

Mmoja nataka umkumbuke kwa ajili ya wanafunzi wako, Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi wa Unguja na mwanazuoni mkubwa. Huyu alimsaidia Steere kwenye kuifasiri Zaburi. Ndiyo, umesoma vizuri. Kadhi wa Kiislamu, aliyekuwa akijadiliana na wamisionari kuhusu dini bila kuwaficha kitu, ndo huyohuyo akampa padri Kiswahili safi cha kusalia. Mi nikisikia watu wanasema Kiswahili cha kanisani ni cha Wazungu huwa nacheka tu.

Sasa ile chapa. Steere alipata mtambo pale misheni na yeye kazi aliijua tangu ujana, kwa hiyo akawafundisha vijana kupanga herufi, na alichokusanya hakikukaa miaka kwenye daftari kikisubiri mchapaji wa London. Anaandika karatasi chache za maneno na sarufi, zinapigwa chapa, anazipeleka kwa watu, wanamkosoa, anarekebisha. Ukishawahi kuandaa notsi za wanafunzi ukaona makosa baada ya kudurufu, unajua faida ya kukosolewa mapema.

Matunda yake yalitoka 1870, vitabu viwili. Kimoja mwongozo wa lugha, na ndani yake akazipanga nomino kwenye ngeli nane kwa upatanisho, ngeli ya mahali akaipa nafasi yake na ya ku- nafasi yake. Wewe leo unafundisha A-WA, U-I, KI-VI, majina yamebadilika lakini ukikishika kile kitabu utaona mifupa unaifahamu. Cha pili mkusanyiko wa hadithi za Unguja, na humo ndo kuna kile kisa cha kima na papa, papa anambeba kima baharini ili akamtoe moyo, kima anamwambia mioyo yetu tumeiacha mtini, na katikati anamsimulia habari za punda wa dobi. Kila mtoto wa pwani anakijua kisa hiki. Steere alikipata kwa kusikiliza, akakiacha na ladha yake ya mdomoni, hakukitia mahubiri mwishoni. Kwa padri hilo si jambo dogo bana.

Na uzito wake ulionekana mbele, maana miaka ya 1920 serikali za kikoloni zilipotaka Kiswahili kimoja cha shule, mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja. Sababu zilikuwa nyingi, biashara na misafara vilishakifikisha Kiunguja mbali sana bara, ila vitabu vilivyotangulia vya Kiunguja navyo vilikuwa mezani.

1868 Steere alirudi Uingereza akashika tena parokia yake ya kijijini. Ingeweza kuishia hapo. Lakini 1872 akarudi Unguja, na Aprili ya mwaka huo kikapiga kile kimbunga kikubwa kilichong'oa minazi na mikarafuu na kuvunja majengo, ya misheni yakiwemo. Tozer afya imekwisha, 1873 akajiuzulu. Steere ndo amebaki anabeba kila kitu, na cheo hana.

Sasa soko. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, balozi wao akiwa John Kirk, baada ya kubanwa kwa vitisho vya manowari kuzuia bandari. Masoko ya watumwa ya hadharani yakafungwa na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Kwa hiyo aliyefunga ni Sultani kwa shinikizo la serikali, Steere alikuwa mjini kama wengine. Na waambie wanafunzi jambo hili hasa kwa sababu ndo linalopotoshwa kila siku: kufunga soko hakukufunga utumwa. Utumwa wenyewe Unguja uliendelea kuwa halali mpaka amri ya 1897, miaka 24 mingine. Kanisa limejengwa, kengele inalia, na mtaa wa pili watu bado ni mali ya watu.

Kiwanja, sehemu kilinunuliwa na mmisionari mwenzake anaitwa West kwa pesa yake mwenyewe akawapa misheni, na sehemu nyingine ikatolewa na tajiri wa Kihindi Jairam Senji. Krismasi ya 1873 jiwe la msingi likawekwa. Kabla ya ukuta wowote kuinuka Steere alikuwa anahubiri palepale kwenye kibanda cha udongo, kwa Kiswahili, na watu wa mjini wanakuja kusikiliza na kumbishia.

Tarehe 24 Agosti 1874 akawekwa wakfu kuwa askofu, Westminster Abbey, London. Miaka 46. Na ukiangalia alichokifanya kwenye ile miaka minane ya uaskofu utaona hakukaa sana kwenye kiti.

Ujenzi aliusimamia mwenyewe. Mawe ya matumbawe, chokaa, na paa ambalo mpaka leo mafundi wakiingia wanatazama juu wananyamaza, maana ni upinde mmoja mpana wa saruji na kokoto za matumbawe, hakuna mbao inayoubeba. Watu mjini walisema siku jukwaa la mbao likitolewa litawaangukia. Jukwaa likatolewa, paa likakaa. Krismasi ya 1879 likafunguliwa. Mkienda tena waonyeshe wanafunzi mambo mawili, la kwanza ule mduara wa marumaru nyeupe mbele ya altare wenye ukingo mwekundu, hapo ndo panapotajwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. La pili nguzo ndogo za kule nyuma karibu na kisima cha ubatizo, zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, na inasemwa mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, aliporudi akaziacha. Zile sanamu za nje kwenye shimo na minyororo ni za juzi tu, miaka ya 1990, wanafunzi wengi wanadhani ni za kale.

Halafu Masasi. Misheni ilikuwa na shamba Mbweni lililokaliwa na watu walioachwa huru kutoka kwenye majahazi, na wengi wao walikuwa wanatamani kurudi upande wa Nyasa. 1876 Steere akachukua hamsini na kitu kati yao, wakashuka Lindi, wakatembea kwa miguu, askofu naye anatembea. Walipofika penye ile miamba mikubwa ya Masasi, ardhi nzuri, maji yapo, watu wakasema hapahapa. Kijiji kikaanza. Ndo mwanzo wa kanisa la kusini, na Masasi hiyohiyo karibu karne baadaye ikaja kuwa na askofu Trevor Huddleston, yule aliyepambana na ubaguzi Afrika Kusini, ila hiyo ni stori ya siku nyingine.

Sitaki umchukue kama malaika lakini. Wale watu wa Mbweni hawakuchagua kupelekwa misheni, manowari za Kiingereza ziliwakamata baharini na ubalozi ukawagawa, hawa waende huku hawa kule, na walipofika wakapewa majina mapya, dini mpya, ratiba ya kengele, na kulima. Ukiwa mtoto wa miaka tisa umetoka kwenye pingu hujui tofauti ya haraka kati ya bwana mpya na mlezi mpya. Misheni iliwapa ulinzi wa kweli na elimu ya kweli, na bado ilikuwa na amri juu yao. Yote mawili yaseme darasani, wanafunzi wako ni wakubwa.

Ila kuna jambo moja Steere alishikilia, hakutaka Waafrika wawe Waingereza weusi. Alitaka kanisa liwe na mapadri wake linaloongea lugha yake. Ndo maana 1879, mwaka uleule wa kanisa kufunguliwa, akamfanya John Swedi kuwa shemasi. Swedi yule wa jahazi, miaka 15 tangu siku aliposimama mbele ya Wazungu wasiojua kumsalimia. Padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, Cecil Majaliwa, alikuja kuwekwa 1890, Steere hakumwona.

Agano Jipya aliendelea kulifasiri huku anajenga huku anatembea, likatoka kama kitabu kamili mwanzoni mwa miaka ya 1880, Agano la Kale wakalimalizia wenzake.

Mwaka 1882 alienda Uingereza, akarudi Unguja Agosti, na siku chache baada ya kufika akafa ghafla, mwishoni mwa mwezi huohuo. Miaka 54. Walimzika nyuma ya altare, mkizunguka kwa huko mtaliona kaburi lake, watembezaji huwa wanaharakisha hapo. Katikati ya Septemba, wiki mbili tatu tu baadaye, Magwangwara, yaani Wangoni, wakaivamia Masasi, wakachoma, wakachukua mateka, na baadhi ya wale aliotembea nao kutoka Lindi wakawa mateka kwa mara ya pili.